Kwanza Maji
Mafundisho ya Kwaresima. Masomo: Wagalatia 6:1, Mathayo 18:15–17



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya kuondoa mikwaruzo midogo katika rangi ya gari. Najua wengine watacheka. Watasema, Padri, hapa Masagati wenye magari tunawahesabu kwa vidole, sisi wengine tuna jembe na baiskeli. Ni kweli. Lakini hata asiye na gari amekwisha kupanda gari la mwenzake kwenda Mlimba, na pikipiki nayo ina rangi, na kila mmoja wetu ana ndugu. Basi nisikilizeni kidogo, halafu mcheke mkitaka.

Mtume Paulo anawafundisha Wagalatia kwamba mwenzetu akinaswa katika kosa, kazi yetu ni kumtengeneza, tena kwa mkono mwepesi, huku kila mtu akijichunga yeye mwenyewe. Neno la Kiyunani analolitumia Paulo hapo ndilo linalotumika katika Injili ya Marko, sura ya kwanza, kwa wana wa Zebedayo, pale walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Ninyi mnaovua katika mto Kilombero na katika mito inayouingia mnaijua kazi ile. Ni kazi ya vidole, na ya macho, na ya kukaa chini. Hakuna mtu anayetengeneza wavu kwa panga. Nami naona kwamba fundi wa rangi ya gari yumo katika ukoo ule ule wa mafundi, ndiyo maana nimemwita leo atufundishe.

Gari linalotoka kiwandani siku hizi limevikwa nguo kadhaa. Juu ya bati kuna kinga ya kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote kuna klia, ndiyo ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'aro. Magari ya zamani, kabla klia haijaenea katika miaka ya 1980, mengi yalikuwa na rangi tupu, na yapo mpaka leo magari yaliyopigwa rangi upya gereji bila klia. Utayajua hivi: ukiyasugua, kitambaa hugeuka kuwa rangi ya gari. Sasa sikieni unene wa nguo hizo. Zote pamoja hazizidi sana karatasi moja ya daftari. Klia peke yake ni mikroni 35 hadi 50, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Gari zima, na fahari yake yote, linang'aa kwa kitu chembamba kuliko ukurasa wa kitabu cha nyimbo.

Mkwaruzo mdogo haujafika kwenye rangi. Umechimba kamfereji katika klia tu, na kingo za kamfereji kale zinautawanya mwanga huku na huku badala ya kuurudisha sawasawa kama kioo. Ndiyo sababu tunaona mstari mweupe hata juu ya gari jeusi. Siku ya mawingu huuoni. Jua likitoka na kupiga boneti kwa ubavu, unaiona mistari mia, na unajiuliza imetoka wapi.

Mtasema imeletwa na matete. Kweli, wakati wa masika majani yanaifunga njia mpaka dereva anapita kama mtu aingiaye shambani, na kila tete linaacha salamu yake mlangoni. Mtasema imeletwa na watoto wa shule, ambao hawawezi kuona gari lenye vumbi wasiandike majina yao juu yake kwa kidole. Kweli tena. Lakini mwulizeni fundi yeyote wa rangi, atawaambia kwamba sehemu kubwa ya mikwaruzo midogo imeletwa na mwenye gari mwenyewe, alipokuwa akilifuta.

Mtu anaamka asubuhi, gari limejaa vumbi la jana. Hana nafasi ya kuteka maji. Anachukua fulana kuukuu, anafuta kwa nguvu, maana analipenda gari lake na hataki watu walione chafu. Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga ndani yake, na chembe hizo ni ngumu kuliko rangi ya gari lolote. Fulana ni laini, hilo halina ubishi. Lakini ikishashika mchanga haifuti tena, inauburuta tu. Vumbi linatoka, mistari inaingia. Wala hakuna adui aliyefanya hayo. Amefanya mtu aliyekusudia usafi.

Ndugu zangu, ndivyo tunavyoonyana. Mama mkwe anamwona mkamwana amepika wali ukashika chini. Anamwambia mbele ya wageni. Mwalimu wa kwaya anasikia sauti moja imekwenda kombo. Anasimamisha wimbo na kumtaja mtu kwa jina, na kanisa lote linageuka kumtazama. Baba anarudi kutoka shambani akiwa amechoka, anakuta mbuzi hawajafungwa. Maneno anayomwambia mwanawe ni ya kweli tupu, kila neno. Wali ulishika. Sauti ilikwenda kombo. Mbuzi walikula mahindi ya jirani. Uchafu ulikuwapo, wala sisemi kwamba haukupaswa kutolewa. Nasema tulifuta pakavu.

Maji ni nini, basi? Sitaki kuyafanya mafumbo makubwa. Maji ni kumsalimu mtu kwanza na kungoja akuitikie. Ni kukaa naye chini. Ni kumwuliza, "Ilikuwaje?" na kunyamaza mpaka amalize, maana mara nyingi nusu ya vumbi inaondoka hapo hapo, nawe unagundua kwamba hapakuwa na alama yoyote chini yake. Na zaidi ya yote ni kwenda peke yako. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 18 anaanza na watu wawili tu, aliyekosa na aliyekosewa, pasipo mtu wa tatu. Ikishindikana, ndipo aongezwe mmoja au wawili. Ikishindikana tena, ndipo kanisa liambiwe. Sisi Wakristo wa bonde hili tumeigeuza ngazi hiyo miguu juu. Tunaanza kwa kuliambia kanisa, tena kisimani na kilabuni. Kisha tunatafuta mashahidi wawili watatu. Na mwenye habari anaisikia mwisho, kwa mtoto aliyetumwa chumvi.

Lipo na kosa la upande wa pili, nalo ni dizeli.

Mmewaona vijana wa kuosha magari. Gari likiwa limechakaa, na mwenyewe anataka lipendeze haraka, wanachukua kitambaa chenye dizeli na kulipaka lote. Loo, linawaka! Mistari yote imekwenda. Lakini haijaenda popote. Mafuta yameingia katika ile mifereji midogo na kuijaza, na mwanga umedanganyika kwa muda. Gari hilo lipite barabara ya vumbi nusu saa tu, vumbi lote la njiani linanata juu ya mafuta, na jioni ni chafu kuliko lilivyokuwa asubuhi. Tena litafutwa pakavu, kwa sababu mwenyewe ana hasira.

Nimeona mabaraza ya upatanisho yaliyotumia dizeli. Watu wawili wamegombana mpaka wa mashamba ya mpunga. Wanaitwa, wanaambiwa, "Jamani, ninyi ni Wakristo, yaishe, peaneni mikono." Hakuna aliyeuliza mpaka ulipita wapi. Hakuna aliyesikiliza. Wanapeana mikono, wazee wanapiga makofi, soda inakunywewa, taarifa inaandikwa kwamba amani imepatikana. Msimu wa kulima ukirudi, mmoja anasogeza jembe hatua tatu, nalo baraza linashangaa. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawakemea manabii waliokuwa wakipaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane imara, na anawaambia kwamba mvua inakuja. Nadhani Ezekieli angeyaelewa vizuri masika ya Masagati.

Sasa fundi akiletewa gari lenye mkwaruzo hafanyi haraka kushika kitambaa cha kusugulia. Kwanza anaosha, kisha anapima, na vipimo vyake mtu yeyote anaweza kuvitumia. Cha kwanza ni ukucha. Pitisha ukucha wa kidole polepole juu ya mkwaruzo, kwa kuukata. Ukucha usiponasa, mkwaruzo ni mdogo. Ukinasa, umekwenda chini kuliko kitambaa kinavyoweza kufuata. Cha pili ni maji. Lowesha mahali pale: mstari ukipotea kabisa ukiwa na maji na kurudi pakikauka, umo ndani ya klia na utatoka. Usipopotea, au ukiona kijivu cha praima au bati lenyewe, acha kusugua.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nisipokaa mahali hapa mafundisho haya yatawadhuru wengine. Mkwaruzo uliofika kwenye bati hausuguliwi kwa kitambaa. Ukiusugua, unakula rangi nzima iliyo kando yake, na bati linabaki wazi. Kwa unyevu wa bonde letu, hazipiti siku nyingi kutu inaanza, nayo kutu hutambaa chini ya rangi mahali jicho lisipoona. Gari la namna hiyo linapelekwa kwa fundi rangi Ifakara, apige msasa, aondoe kutu, apake praima, apige rangi na klia. Ni kazi ya siku kadhaa, na ina gharama.

Basi mke anayepigwa na mumewe asiambiwe na mtu yeyote wa kanisa hili kwamba ni mikwaruzo ya ndoa. Mtoto aliyeharibiwa na mtu mzima asiambiwe akasamehe na kunyamaza. Mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu za marehemu hana mkwaruzo. Ana jeraha lililofika kwenye mfupa. Mambo hayo yana milango yake: yana padri na wazee wa kanisa, naam, lakini yana pia zahanati, na ofisi ya ustawi wa jamii, na baraza la ardhi, na polisi. Anayechukua habari ya namna hii na kuipaka maneno laini juu, hata akiyatoa katika Maandiko Matakatifu, anaiachia kutu ile itembee. Nami nawaambia wazee wa kanisa wazi kabisa: pimeni kwanza kwa ukucha. Msiseme "samehe" kabla hamjajua kina.

Haya, tuseme tumepima, na kweli ni mkwaruzo mdogo. Kazi yenyewe ni hii. Gari liwe kivulini, na bati liwe limepoa. Chukua ndoo mbili. Moja ina maji ya sabuni laini, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia sponji. Wengi huona ndoo ya pili ni anasa. Sivyo, bila hiyo, mchanga ulioutoa mlangoni unarudi katika povu, na unaupeleka kwenye boneti. Anza juu ya paa, shuka chini, na sehemu za chini karibu na magurudumu ziwe za mwisho, maana huko ndiko kuna mchanga mwingi. Suuza kwa maji mengi. Kausha kwa kitambaa laini kwa kukandamiza, usikwangue.

Ndipo uchukue kompaundi, tena ile laini kuliko zote uliyo nayo. Kiasi cha punje moja ya harage kinatosha. Fanyia kazi mahali padogo, ukubwa wa sahani. Sugua kwa mkono mwepesi, dakika mbili tatu, kisha pangusa, inama, tazama kwa ubavu. Kama mkwaruzo umepungua, rudia. Umetoka? Acha. Kwenye kona na kingo za milango uwe mwangalifu mno, maana klia huwa nyembamba zaidi hapo. Dawa ya meno nayo husaidia kidogo kwa mistari hafifu, kwa kuwa ina chembe laini za kusugulia, lakini katu usilete steelwaya ya kusugulia masufuria. Nimeona mlango uliosuguliwa kwa steelwaya na sitaki kuuona tena. Mashine ya umeme mwachie fundi. Mashine ikisimama mahali pamoja kwa muda mfupi tu hupata moto na kuichoma rangi.

Na kitambaa kikianguka chini, kiache huko huko. Usikikung'ute ukaendelea nacho. Kimeokota mchanga usiouona. Chukua kingine. Kama umetoka kumsengenya mtu muda huu huu, usiende kumwonya. Ulimi wako umeanguka chini. Nenda kesho, baada ya sala.

Lipo jambo moja katika kazi hii ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililonifanya niandike. Tunadhani kompaundi inaujaza mkwaruzo. Haijazi kitu. Kompaundi ina chembe laini sana zinazopunguza klia iliyo pande zote mbili za mkwaruzo, kidogo kidogo, mpaka uso wote unashuka na kuwa sawa na chini ya ule mfereji. Hapo kingo zinakwisha, na mwanga unarudi sawasawa. Mkwaruzo haukupandishwa, jirani zake ndio walioshuka.

Fikirini hilo, mnaogombana nyumbani na katika vyama vya kanisa. Mara nyingi tunangoja aliyeumizwa ajazwe: aombwe radhi kwa maneno mengi, aletewe kuku, apewe kiti cha mbele. Sikatazi kuku. Lakini mara nyingi nimeona kuku ameliwa na mkwaruzo umebaki, kwa sababu pande mbili zile bado zimesimama juu kama zilivyosimama. Aliyetukana anasema alikuwa na haki. Aliyetukanwa anasema yeye ni mtu mzima katika kijiji hiki. Hakuna aliyeshuka hata mikroni moja.

Tena, kwa sababu kazi hii inapunguza, haiwezi kufanywa kila juma. Klia ikiisha haimei tena kama majani. Fundi mwenye akili huacha mistari mingine mahali pake, kwa kuwa kuitoa kungegharimu klia nyingi kuliko mistari yenyewe inavyostahili. Mtoto anayeonywa kwa kila jambo, asubuhi na jioni, jinsi anavyokaa, anavyokula, anavyocheka, baba yake anaweza kuwa na haki katika kila onyo, na bado siku moja atakuta amefika kwenye praima. Paulo aliwaandikia Wakolosai, sura ya 3, kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakavunjika moyo. Wapo vijana walioondoka hapa kwenda Ifakara na Dar es Salaam, na wazazi wanasema wamefuata kazi. Baadhi yao walikimbia kusuguliwa.

Mtaniambia, Padri, haya ni mambo madogo, na katika Kwaresima tungetazamia habari ya dhambi kubwa. Haya, nitawapa mfano, nanyi mpime kama ni mambo madogo.

Tuseme kuna mtu ana pikapu. Ni mtu mwema. Msiba unatokea, watu wanamwendea, naye anatoa gari lake bila kudai hata mafuta. Jeneza linapakiwa usiku, kwa mwanga wa tochi. Kijana mmoja anayeinua anaegemea ubavu wa gari, na bakoli ya mkanda wake inachora mstari wa kiganja kimoja. Kunapambazuka, mwenye gari anauona. Hakulala, ana njaa, na gari hilo ndilo linalomsomeshea watoto. Anasema mbele ya waombolezaji, "Ndiyo shukrani yenu? Mmeniharibia gari." Kaka wa marehemu anajibu, "Gari la bati tu, umelifanya la dhahabu." Basi. Maneno mawili. Wanakwenda kuzika, wanarudi, kila mtu kwake. Wazee wanawapatanisha arobaini kwa dizeli, kama nilivyoeleza.

Miezi inapita. Masika yanafika, njia imekuwa tope. Katika nyumba ile ile ya msiba yupo mke wa kijana mmoja, mimba yake ya kwanza, na usiku wa manane uchungu unamshika vibaya. Mkunga anasema huyu apelekwe Mlimba, na huenda Ifakara. Gari lipo, ng'ambo ya kijito. Mama mkwe anasema, "Nendeni mkamgongee." Watu wanatazamana. Mmoja anasema, "Atatusimanga." Mwingine anasema, "Heri bodaboda." Nao wanampandisha pikipiki, yuko katikati, dereva mbele, mama mkwe nyuma akimshikilia, kwenye tope lile, gizani.

Na ng'ambo ya kijito mwenye gari amelala. Angegongewa angeamka. Nawaambieni angeamka, maana si mtu mbaya. Na ule mstari ubavuni mwa gari lake, ukiupima kwa ukucha, haunasi. Maji yakiulowesha, unapotea. Ungetoka kwa kompaundi ya punje tatu za harage na nusu saa ya kazi kivulini, siku ya pili baada ya mazishi.

Nani asiyejua nyumba ambayo leo hawezi kuigongea usiku? Ifikirie hiyo, kabla hujaja kuungama Juma Kuu. Katika kijiji chetu madaraja yaliyo mengi ni ya watu. Pale Ifakara watu walivuka mto kwa kivuko miaka mingi, na wengine walipotea majini, hata daraja kubwa la Kilombero lilipokamilika na watu wakaanza kupita juu. Serikali ilituletea daraja lile. Haitatuletea lile la kuvuka kijito kwenda kwa mwenye pikapu.

Mmoja ameniuliza swali zuri, nalo nalijibu hapa. Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anafundisha kwamba upendo hufunika dhambi nyingi. Je, kufunika siyo kupaka dizeli? Nasema hapana, na fundi atanisaidia. Kazi ya kusugua ikiisha, anapaka nta. Nta nayo inafunika; inakaa juu ya klia, maji yanateleza, vumbi halishiki sana, na mikwaruzo hafifu iliyoachwa kwa makusudi haionekani tena. Kwa macho, nta na dizeli vyaweza kufanana siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba nta inapakwa juu ya kilichokwisha kuoshwa. Upendo wa Petro unafunika kilichokwisha kusemwa kweli, ili kisifukuliwe tena kila palipo na pombe au kikao. Nayo nta haidumu. Baada ya miezi michache, hasa kwa jua letu na mvua yetu, lazima ipakwe nyingine. Mwenye ndoa ya miaka thelathini anaelewa.

Limebaki swali la nani aanze. Kila mara nikiwasikiliza waliogombana nasikia neno hilo moja: "Yeye ndiye aje." Aliyekosewa anasema, mimi sikukosa, nitakwendaje? Aliyekosa anasema, nikienda atanifukuza. Sasa fungueni Biblia zenu mahali pawili. Mathayo sura ya 18, mstari wa 15, Bwana anamtuma aliyekosewa. Yeye ndiye aende. Kisha rudini sura ya 5, mstari wa 23 na wa 24, katika Mahubiri ya Mlimani: mtu analeta sadaka yake madhabahuni, anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, na Bwana anamwambia aiache sadaka hapo hapo aende kwanza kupatana. Huyu sasa ni yule aliyekosa. Bwana amewatuma wote wawili, hakumwachia hata mmoja nafasi ya kungoja nyumbani.

Basi kaka wa marehemu na atoke kwake asubuhi, na mwenye pikapu atoke kwake. Huenda watakutana pale kijitoni, kila mmoja ana aibu yake. Wasalimiane, waulizane habari za watoto, hasa yule aliyezaliwa masika. Wakishamaliza wateke maji hapo hapo, ndoo mbili, waende pamoja mahali gari lilipo.